Wasioitwa Majina: Nafasi ya Kijana Asiyeteuliwa katika Mpira wa Marekani

Kila mwaka, mwezi wa Aprili ukikaribia kwisha, Wamarekani hukaa siku tatu wakisikiliza majina. Hizo ni siku za kuteua wachezaji wapya wa ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kurushiana mpira wenye umbo la yai. Timu 32 za ligi ya kulipwa, ambayo wenyewe huiita NFL, huchagua kwa zamu vijana waliotoka katika timu za vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo hupewa zamu ya kwanza, na bingwa huja mwisho. Duru ni 7. Mwaka 2025 vijana walioitwa walikuwa 257, na wa kwanza wao, Cam Ward, alitia saini mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 48.

Leo sina nia ya kuwazungumzia hao 257. Hao wana wa kuwasema. Nataka tuwatazame wale ambao siku tatu zilipita, jina la mwisho likasomwa, taa za jukwaani zikazimwa, na wao wakabaki sebuleni na wazee wao, kila mmoja akiitazama simu wala hapana anenalo. Je, kijana kama huyo ana nafasi gani ya kufaulu katika mchezo wa kulipwa?

Huenda ndugu msomaji akauliza, haya yatuhusu nini sisi watu wa pwani, ambao mpira wetu ni wa miguu? Naona yatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, vijana wetu huitazama michezo ya Marekani katika simu zao, na hadithi zinazowafikia ni za walioshinda peke yao. Aliyeshindwa hapigwi picha. Pili, mmoja katika wasioteuliwa hao alikuwa Mwislamu ambaye sijida yake uwanjani, mwaka 2014, ilizungumzwa dunia nzima. Habari yake nitaifikia.

HESABU YENYEWE

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Vyuo vilivyo chini ya chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, vina wachezaji wa mpira huo zaidi ya 70,000. Kila mwaka kama 16,000 kati yao huwa wamefikia hali ya kuweza kuteuliwa. Nafasi za uteuzi, kama tulivyoona, ni 257 au karibu na hapo. Kwa kila vijana 100 walio mlangoni, basi, wanaoitwa ndani hawatimii hata 2.

Uteuzi ukimalizika Jumamosi jioni, huanza soko jingine lisilo na jukwaa wala tarumbeta. Simu hulia kwa mawakala. Timu hutafuta vijana wa kujazia kambi zao, na kila asiyeteuliwa ni huru kujiunga na timu yoyote inayomtaka. Mkataba wake huwa wa miaka 3, kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa. Mwaka 2025 kiwango hicho kwa mchezaji mpya kilikuwa dola 840,000 kwa mwaka. Ni fedha nyingi mno, bila ya shaka, ila kuna sharti moja: hulipwa yule aliyebaki katika timu msimu ukianza. Anachopewa mkononi siku ya kutia saini, kwa wengi wao, ni dola elfu chache tu au makumi ya elfu. Akiachishwa mwezi wa Agosti, zile 840,000 huwa ni maandishi juu ya karatasi.

Na mwezi wa Agosti ndio mwezi wa kiama chao. Kila timu huingia kambini na wachezaji hadi 90. Msimu ukiwa mlangoni, sheria huitaka ibakize 53. Hebu tuzidishe: timu 32, kila moja ikitoa watu 37, ni watu 1,184 wanaoachishwa kazi kwa muda wa siku chache. Baadhi yao hurudishwa kwa mlango wa nyuma katika kikosi cha mazoezini, ambacho kina nafasi 16 kwa kila timu. Huko mchezaji mpya alilipwa dola 13,000 kwa wiki katika mwaka 2025, na aweza kuondolewa siku yoyote, hata kabla ya jua kutua. Waliosalia hurudi makwao, au hujaribu ligi ya Kanada, au ile ndogo ya Marekani inayochezwa wakati wa machipuko.

Hapa pana jambo linalowapoteza wengi. Ukizitazama orodha za timu utakuta kwamba kiasi cha robo hadi theluthi ya wachezaji wote wa ligi hiyo hawakuteuliwa. Mtu akisikia hivyo husema, kumbe uteuzi si kitu, mlango u wazi! La, sivyo. Hesabu ya kwanza huhesabu waliomo ndani ya nyumba. Ya pili huhesabu waliokuwa wakibisha hodi. Waliomo ndani wasioteuliwa ni mia kadhaa. Waliobisha ni maelfu kwa maelfu, na kila Aprili huongezeka wengine. Isitoshe, wengi wa hao mia kadhaa hukaa kwenye viti vya mwisho, vile ambavyo mwenye kukaa leo kesho huinuliwa akakalishwa mwingine.

KOSA LA MTEULE NA KOSA LA ASIYETEULIWA

Kwa nini iwe hivyo? Wengi husema ni kwa sababu walioteuliwa ni hodari zaidi. Hilo ni kweli kwa kiasi chake, lakini si ukweli wote.

Sisi tuliolelewa chuoni, nakusudia chuo cha Kurani, twalijua jambo hili tangu utotoni. Mwalimu akishamteua mtoto wa kusoma mbele ya watu usiku wa Maulidi, mtoto yule hushughulikiwa. Akikosea Jumatatu husahihishwa, akikosea Jumanne husahihishwa tena, maana aibu yake itakuwa aibu ya mwalimu. Ama yule asiyeteuliwa, ambaye siku moja huitwa kwa sababu mwenzake ana homa, huyo hana ruhusa ya kukosea. Akikosea mara moja, watu husema, si tulijua?

Ndivyo ilivyo huko Marekani, ila kwao kilicho nyuma ya mwalimu ni fedha. Timu iliyomlipa kijana mamilioni haiwezi kumwacha baada ya mwezi mmoja bila ya kukiri kwamba imezitupa fedha zake. Kwa hivyo humvumilia. Humbadilishia mwalimu, humngojea apone, humpa msimu wa pili na hata wa tatu. Asiyeteuliwa hana aliyetia fedha kwake, na kwa hivyo hapana atakayepata hasara kwa kumwacha. Akivunjika kidole katika wiki ya pili ya kambi, hadithi yake yaweza kuwa imekwisha. Wawili hawa hata wakiwa na kipawa sawasawa, mmoja hupewa makosa 20 na mwenziwe hupewa moja.

Kwa sababu hiyo, wenye kuujua mchezo humwambia asiyeteuliwa kwamba kazi yake ya kwanza ni ile wasioitaka wakubwa: kukimbia mbio za kufa na kupona mpira unapopigwa kwenda upande wa pili, kuzuia, kugongana na kuanguka. Huko ndiko wengi wao walikopatia riziki yao ya mwanzo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MAJINA MAKUBWA YANATUFUNZA NINI?

Tuwatazame sasa wale waliopita. Wapo, na ni wakubwa hasa.

Dick Lane aliingia mwenyewe ofisini kwa timu ya Los Angeles Rams mwaka 1952, mkononi ana kitabu alichobandika vipande vya magazeti vyenye habari zake. Alikuwa ametoka jeshini na akifanya kazi kiwandani. Msimu ule alinyakua pasi za wapinzani mara 14 katika michezo 12, na mpaka leo hapana aliyezifikia 14 hizo katika msimu mmoja, ijapokuwa misimu ya siku hizi ina michezo mingi zaidi.

Kurt Warner hakuteuliwa mwaka 1994. Timu ya Green Bay ilimchukua kambini ikamwacha. Akaenda kupanga bidhaa usiku katika duka huko Iowa, kwa ujira wa dola 5 na senti 50 kwa saa. Akacheza ligi ndogo ya ndani ya ukumbi, kisha akavuka bahari kuchezea timu ya Amsterdam. Mwaka 1999 alikuwa mchezaji wa akiba wa St. Louis Rams, ndipo kotabeki wao, yaani yule mpanga mchezo arushaye mpira, alipoumia goti kabla ya msimu kuanza. Warner akaingia. Januari mwaka 2000 timu yake ilitwaa Super Bowl naye akatajwa mchezaji bora wa mchezo huo. Mwaka 2017 akaingizwa katika jumba la heshima la mpira wao.

Malcolm Butler, kutoka chuo kidogo cha West Alabama, hata ile simu ya Jumamosi jioni hakuipata. New England Patriots walimwita mwaka 2014 aje kujaribiwa tu, kisha wakamchukua. Tarehe 1 Februari 2015, zikiwa zimebaki sekunde 20 hivi Super Bowl kumalizika, aliinyakua pasi ya Seattle penye mstari wa goli na kuipa timu yake ushindi wa 28 kwa 24. Naye Adam Vinatieri, mpiga mateke ambaye hakuteuliwa mwaka 1996, aliucheza mchezo huo misimu 24 na kustaafu akiwa ndiye mfungaji wa pointi nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi hiyo, pointi 2,673.

Hadithi hizi ni tamu, na hupenda kusimuliwa kwa sauti ya mawaidha: jitahidi, usikate tamaa, utafika. Mimi nakubali kwamba walijitahidi. Lakini wazitazame kwa makini wanaozisimulia. Kama goti la yule kotabeki lisingeumia, Warner angalikuwa nani? Walikuwako akina Warner wangapi mwaka ule ambao goti la mtu mwingine halikuumia, wakabaki kupanga bidhaa dukani mpaka mwili ukazeeka? Juhudi ilikuwa sharti, wala haikuwa dhamana. Kumwambia kijana kwamba juhudi pekee ndiyo iliyowafikisha wale ni kuwadhulumu maelfu waliojitahidi kama wao na wasifike, kana kwamba walikuwa wavivu.

MACHO YA WATEUAJI

Pana sababu nyingine isiyotajwa sana kwenye hadithi hizo tamu. Mara nyingine kosa halikuwa la bahati, lilikuwa la macho ya wanaochagua.

Warren Moon alikuwa kotabeki wa Chuo Kikuu cha Washington. Januari 1978 alitajwa mchezaji bora katika Rose Bowl, mmoja wa michezo mikubwa kabisa ya vyuo. Lakini Moon ni mtu mweusi, na siku hizo waliokuwa na timu waliona kwamba mweusi hafai kukabidhiwa kazi ya kupanga mchezo; walitaka abadilishe nafasi. Akakataa, akaenda zake Kanada kuchezea Edmonton, na uteuzi wa mwaka ule, uliokuwa na duru 12, ukapita bila ya jina lake kusomwa. Huko Edmonton alitwaa kombe la Kanada mara 5 mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1982. Mwaka 1984 Houston walimrudisha nyumbani, na mwaka 2006 akawa kotabeki mweusi wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima.

Kwa hivyo neno "hakuteuliwa" si hukumu ya Mwenyezi Mungu. Ni rai ya binadamu, na binadamu ana chuki zake, haraka zake na miwani yake yenye ukungu. Tom Brady, aliyetwaa Super Bowl mara 7, aliteuliwa mwaka 2000 akiwa nambari 199. Mara 198 wataalamu walimruka.

NDUGU WAWILI

Sasa nimefika kwa yule niliyeahidi kumtaja. Hamza na Husain Abdullah ni ndugu, Waislamu, wote wawili wametoka Chuo Kikuu cha Washington State. Hamza aliteuliwa mwaka 2005 katika duru ya 7, ya mwisho. Husain mwaka 2008 hakuteuliwa kabisa, akachukuliwa na Minnesota Vikings kwa mlango ule wa simu ya jioni. Alikuwa mlinzi wa nyuma. Alijipenyeza mpaka akawa mchezaji wa kuanza mchezo, na mwezi wa Ramadhani alikuwa akifunga huku akifanya mazoezi.

Mwaka 2012, katika ligi ambayo asiyeteuliwa akigeuka nyuma nafasi yake huwa imekaliwa, Husain aliacha kucheza msimu mzima ili yeye na nduguye wakahiji. Wasomaji wangu wapime uzito wa jambo hilo. Hakuwa na fedha nyingi za timu nyuma yake za kumlinda. Alirudi mwaka 2013, Kansas City wakamchukua. Tarehe 29 Septemba 2014, wakicheza na New England, alimnyakua Tom Brady pasi, akakimbia nayo mpaka akafunga, kisha akasujudu. Waamuzi wakaiadhibu timu yake yadi 15, wakidhani anafanya mzaha wa kushangilia. Kesho yake ligi yenyewe ikatangaza kwamba hakustahili kuadhibiwa.

Watu wengi husimama hapo katika habari yake. Mimi naona funzo kubwa liko mbele kidogo. Machi 2016, akiwa na umri wa miaka 30, Husain alitangaza kustaafu, kwa sababu alikwisha kupatwa na mitikisiko ya ubongo mara 5 naye akaihofia akili yake na siku zake zilizobaki. Kijana aliyeanza bila kuteuliwa akafikisha misimu 7, hali chama cha wachezaji husema wastani ni kama miaka 3 na kidogo tu. Kwa kipimo chochote amefaulu. Na aliyefaulu ndiye huyo aliyepima akaona kwamba kichwa chake kina thamani kuliko mkataba.

Nasi Wakenya tumo katika habari hii, ijapokuwa kwa njia ya kando. Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga huko Afrika Kusini, alichukuliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila ya kupita katika uteuzi wala timu ya chuo, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Alicheza michezo michache tu, na mwaka 2015 akaachwa. Mlango ulifunguliwa kweli. Kazi ni kukaa ndani.

MAMBO YALIYOBADILIKA

Haki yataka niseme pia kwamba hali ya leo si ya jana. Zamani mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kupokea hata senti kwa jina lake, huku chuo kikivuna fedha kwa jasho lake. Asipoteuliwa, alitoka mikono mitupu. Tangu Julai 2021 wachezaji waruhusiwa kulipwa kwa matangazo na matumizi ya majina yao, na tangu tarehe 1 Julai 2025, baada ya mapatano ya mahakamani, vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20 na nusu kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Fedha hizo haziwafikii wote kwa usawa. Nyota wa chuo kikubwa hupata mno na wa chuo kidogo huambulia makombo. Lakini sasa wako wanaofika kwenye ile Jumamosi jioni wakiwa na akiba, na mwenye akiba haombi kwa machozi.

Basi nafasi ya asiyeteuliwa ni ipi? Ni ndogo, lakini ni ya kweli. Huongezeka kwa anayeichagua vizuri timu yake, na hapo ana jambo moja ambalo hata wa duru ya saba hana: yeye huchagua, mwenzake huchaguliwa. Mwenye akili haendi kwenye timu yenye jina kubwa. Huenda penye upungufu wa watu wa nafasi yake. Huongezeka pia kwa anayekubali kazi za chini, na kwa anayeujua mwili wake. Na huwa si msiba inapokosekana, kwa yule aliyetoka chuoni na shahada iliyosomwa kweli, si karatasi ya kufichia mpira.

Wazee wanaomlea kijana mwenye kipawa, wa mchezo wowote na wa nchi yoyote, nawausia jambo moja. Msimsimulie habari za Warner bila ya kumtajia wale 1,184 wa Agosti. Mkimpa hadithi ya mmoja peke yake, siku akiachishwa atadhani kasoro ni yake, na aibu itamla kuliko njaa. Mkimpa hesabu yote, atajaribu kwa nguvu zake zote, na akirudi nyumbani atarudi akiwa mtu mzima aliyejaribu, mwenye kazi nyingine ya kufanya kesho asubuhi.